Mkwe Hakunipa Sumu

Kwa miaka thelathini na miwili nilifundisha sayansi shule ya msingi, na kila mwaka, bila kukosa, nilichora moyo ubaoni. Niliuchora vizuri. Vyumba vinne, chaki nyekundu upande mmoja, ya bluu upande wa pili, mishale ya kuonyesha damu inakotoka na inakokwenda. Wanafunzi walinakili, wakaguzi walisifu, na mimi nikaamini kwamba mtu anayechora moyo kwa ustadi ule hawezi kubabaishwa na moyo wake mwenyewe. Ndivyo walimu tulivyo. Tukishaandika kitu ubaoni tunahesabu kwamba tumekimaliza.

Nilistaafu nikarudi kwetu Kirushya kulima ndizi na maharage, na kunenepa. Hiyo ya kunenepa haikuwa kwenye mpango, lakini ndiyo iliyostawi kuliko maharage. Watu walikitazama kitambi changu kwa heshima, wakasema kustaafu kumemkubali mwalimu, nami nikakibeba kama cheo. Nilivuta sigara sita kwa siku, nikijisifu kwamba zamani zilikuwa ishirini. Chumvi niliiongeza mezani kabla hata ya kuonja mboga, kwa sababu mke wangu, kwa maoni yangu ya kitaalamu, alikuwa na mkono mzito kwenye kila kitu isipokuwa chumvi.

Nyumba yetu iko juu. Kutoka barabarani kuna kilima ambacho tangu utotoni nilikipanda nikipiga mluzi. Mwaka wa pili wa kustaafu, kilima kilianza kurefuka. Nikifika kwenye mkaratusi wa kwanza, kitu kilinibana katikati ya kifua, mfano wa mkanda uliokazwa tundu moja zaidi. Nikisimama dakika tatu, kinaachia. Nikiendelea, kinarudi, na siku nyingine kinapanda mpaka kwenye taya, na mkono wa kushoto unakuwa mzito kana kwamba nimebeba debe la maji. Nikisimama tena, kinaachia tena. Kilikuwa na nidhamu ya ajabu. Kingekuwa mwanafunzi ningekipa ukiranja.

Mtu mwenye akili zake angekwenda hospitali. Mimi nilitafuta sababu za kusimama. Kwenye mkaratusi wa kwanza nilisimama kufunga kamba za viatu. Kwenye kona nilisimama kusalimia watu, na kama hapakuwa na mtu nilimsubiri apatikane. Nilianza kuulizia watoto, wajukuu, mbuzi na migomba ya watu ambao kwa miaka mingi nilikuwa nawapita nimeinua pua. Sifa zikaenea kijijini kwamba mwalimu amestaafu pamoja na majivuno yake. Karibu na nyumbani nilisimama mara ya mwisho, mikono nyuma, nikitazama vilima vya ng'ambo ya mpaka kama mtu anayetafakari mambo ya nchi. Mapigo yakitulia, natembea hatua zilizobaki na kuingia nyumbani kama sijambo.

Halafu, kwa kuwa mimi ni mwanasayansi, nilijipima mwenyewe nikagundua kwamba nina vidonda vya tumbo. Huku kwetu kila anayeumwa chochote kati ya shingo na kiuno ana vidonda vya tumbo. Ni ugonjwa wenye heshima yake, unawapata watu wenye mawazo mengi. Muuza duka la dawa alikubaliana nami kabla sijamaliza sentensi. Akanipa vidonge vyeupe vya kutafuna, vyenye ladha ya chaki, nikavipenda kwa sababu hiyo. Nilivitafuna nikiwa nimesimama pale kwenye mkaratusi, na baada ya dakika tatu maumivu yalikwisha. Kwamba yangekwisha hata ningetafuna kokoto, kwa kuwa nimesimama, hilo halikunijia. Mimi, niliyewafundisha watoto wa darasa la sita kwamba katika jaribio unabadilisha kitu kimoja kimoja, nilibadilisha viwili kwa mpigo, kisha nikaenda kumshukuru muuza dawa.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miezi minane, na sikumwambia mtu yeyote. Kisha kijana wangu wa pili akapata mchumba Biharamulo.

Ilibidi twende kwao kujitambulisha na kuzungumzia mahari. Tulikwenda watatu: mimi, kijana mwenyewe, na dada yangu mkubwa. Dada ndiye shangazi wa bwana harusi, na kwa desturi yetu shangazi ndiye mwenye neno la mwisho kama binti anaingia kwenye ukoo au haingii. Dada huyu aliuza ndizi Lukole enzi za kambi za wakimbizi, na huko ndiko alikojifunza kubishana kwa lugha tatu. Sijaona mtu aliyemshinda katika hata moja.

Hapa inanibidi nieleze jambo kuhusu rubisi, pombe yetu ya ndizi. Haianzwi hivi hivi. Mwenye nyumba anachota kwanza kikombe, anakunywa mbele ya wageni, ndipo wageni wanashusha mirija yao mtungini. Ukimuuliza mtu atakwambia ni adabu. Ni adabu kweli, ila chini ya adabu hiyo kuna jambo linalojulikana na kila mtu: mwenye nyumba anaonyesha kwamba hajaweka sumu. Tunapendana sana huku kwetu, lakini tunapenda na kuhakikisha.

Na ukoo wetu ulikuwa na sababu zake. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi ya ualimu baba yetu alipofia kwenye mtungi wa jirani. Alikwenda pale mchana, mzima kabisa, akanywa, akashika kifua, akaloa jasho, na kabla jua halijatua alikuwa maiti. Jirani yule alikuwa rafiki yake wa tangu ujana, lakini msimu ule walikuwa wamegombania mpaka wa shamba, na hilo lilitosha. Dada alisema baba kalishwa sumu, na ukoo mzima ukasema kalishwa sumu. Serikali ya kijiji haikupata ushahidi wowote, ila tangu siku ile hakuna mtu aliyeshusha mrija kwenye mtungi wa mzee yule. Baada ya miaka michache alihama na mkewe na watoto wake, wakaenda kuanza upya Bugarama. Sisi tukasema mnaona, dhamiri inamsuta.

Kwa hiyo dada alipanda gari la kukodi akiwa na mrija wangu ndani ya mkoba wake, ameuosha mwenyewe asubuhi ile. Tulipokuwa tunakatiza msitu kuelekea Biharamulo, aliniinamia.

"Mdogo wangu, usinywe mpaka umemwona anameza. Wengine wanashika tu mdomoni. Mtazame koo."

Tulifika mchana. Mkwe mtarajiwa alikuwa bwana mcheshi, sauti nene, mwenye pikapu lake la kubebea mahindi limeegeshwa kando ya nyumba. Dereva wetu akatushusha barabarani, akaenda mjini kuziba pancha. Kutoka barabarani hadi kwa wakwe kulikuwa na mpando mfupi tu, lakini mkali, na wakwe walikuwa wamejipanga uani wakitutazama tunavyopanda. Mtu hafungi kamba za viatu mbele ya wakwe. Nilipanda bila kusimama hata mara moja, nimevaa suti na tai, natabasamu, kifua kinanibana kila hatua. Nilipofika juu nilipeana mikono na ukoo wao wote, kuanzia wazee mpaka watoto wa mgongoni.

Tukakaa. Mtungi ukaletwa. Mkwe akachota, akanywa, dada akamtazama koo kwa uangalifu kama anayenunua ng'ombe. Aliporidhika akanipa mrija wangu, nikaushusha, nikavuta mara mbili, tatu. Mkwe akasimama kutoa hotuba ya kutukaribisha.

Hakuifikisha mbali. Mkanda ule wa kifuani ulirudi, safari hii bila nidhamu yoyote. Ulinikaza mpaka nikaona nyuso za watu zinakwenda mbali. Taya likauma, mkono wa kushoto ukafa ganzi, jasho la baridi likalowesha shati mpaka tai. Nikajaribu kufanya kama nilivyozoea, yaani kusimama ili kiachie. Ndipo nilipoogopa, kwa sababu nilikuwa nimekaa tayari. Hapakuwa na mahali pengine pa kupumzika zaidi ya pale nilipokuwa.

Mrija ukaniponyoka. Dada akanitazama, na akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kama baba."

Kilichofuata kilikuwa kikao. Watu wengine wakiona mtu anakata roho wanatafuta gari. Sisi tulitafuta mhalifu. Nililazwa kwenye mkeka barazani, na mbele ya macho yangu kesi ikafunguliwa, mimi mwenyewe nikiwa kielelezo. Dada aliagiza maziwa mabichi ya kuua sumu, nikanyweshwa kopo zima. Kisha akanitia vidole kooni ili niitapike hiyo sumu, nikatapika maziwa, suti ikaharibika, na kila mtu akachungulia matapishi kwa makini kama wataalamu wa maabara. Mzee mmoja wa upande wao alisema yana rangi ya wasiwasi.

Mkwe alijitetea kwa njia pekee anayoijua mtu wa huku. Alichota kikombe kingine kutoka mtungi ule ule, akanywa chote mbele ya watu, akakipindua.

"Tazameni. Nimekufa?"

"Haikuwa mtungini," dada alisema. "Ilikuwa upande aliokaa yeye."

Mkwe akahamia upande niliokaa, akachota, akanywa.

"Wewe umeshakunywa dawa ya kuizuia."

Mkwe akaokota mrija wangu mavumbini, akaufuta kwa kanzu yake, akavuta kwa huo huo mrija kwa muda mrefu. Ubishi ulikwenda hivyo, hoja kwa kikombe, hoja kwa kikombe. Ndani, jikoni, nilimsikia binti wa watu analia.

Kijana wangu alisema mara tatu twende hospitali. Dada alimkatalia mara tatu. Alisema hospitali hawajui sumu za kienyeji, na aliyelishwa sumu akichomwa sindano anafia hapo hapo kwenye sindano. Wazee wa upande wao, ambao mpaka hapo hawakuwa wamekubaliana naye juu ya lolote, walikubaliana naye katika hilo.

Na mimi nilijua. Sisemi nilijua jina la ugonjwa. Lakini mkanda ule niliufahamu miezi minane, na ulikuwa ukinikuta Kirushya, kwenye mkaratusi, nikiwa sijanywa kitu cha mtu. Sentensi moja ingetosha: jamani, mimi ni mgonjwa wa siku nyingi. Nilikuwa na pumzi ya kuisema. Nilifumba macho nikawaza kwamba wakwe watasema tumewaletea ukoo wenye maradhi, kwamba kijiji kitajua mwalimu alikuwa anadanganya na viatu vyake, kwamba dada atanidharau. Nikanyamaza. Nikamwacha mtu aliyenikaribisha nyumbani kwake aitwe muuaji, kwa sababu niliona aibu kuliko nilivyoogopa kufa. Sijivunii.

Zilipita zaidi ya saa mbili. Hatimaye mkwe alichoka na matusi, akasema kwa heshima zote kwamba atanipeleka hospitali yeye mwenyewe, kwa pikapu lake mwenyewe, ili daktari amsafishe jina. Akatoa ufunguo mfukoni, akapiga hatua mbili kuelekea garini, akakaa chini. Alikuwa hajakaa kwa kupenda. Katika kuthibitisha kwamba hana hatia alikuwa amekunywa karibu nusu ya mtungi, na gari lilikuwa na dereva mmoja tu.

Dereva wetu alikuwa hajarudi kutoka mjini, kwa hiyo kijana wangu akakimbilia barabarani akaleta bodaboda. Nikawekwa katikati, mwenye pikipiki mbele, kijana nyuma amenikumbatia, na hivyo ndivyo moyo wangu ulivyosafirishwa kwenda hospitali, kwenye mashimo, bila springi hata moja. Dada alituita kwa nyuma kwamba tusikubali sindano.

Daktari wa zamu alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho.

"Shikamoo mzee. Fungua mdomo. Hiki kidonge kitafune, usimeze kizima."

"Marahaba. Ni vidonda vya tumbo," nilimsaidia.

Alinibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari, akaitazama, na nikaona uso wake unabadilika kidogo, ule mdogo ambao madaktari hudhani hatuuoni. Akamwita muuguzi, wakaniwekea hewa, wakanichoma sindano. Sikufia kwenye sindano. Baadaye, maumivu yalipopungua, wakati wanatafuta gari la wagonjwa la kunipeleka Mwanza, alikaa kando ya kitanda akaniuliza kama maumivu haya ni ya leo tu.

Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa kuwa hakuwa mtu wa kwetu. Nilimweleza kilima, mkaratusi, kona, vilima vya ng'ambo. Nilimweleza hadi vidonge vya ladha ya chaki. Alipindua karatasi akachora moyo. Ulikuwa moyo mbovu sana, umelala upande kama kiazi kitamu, mimi nisingeupa hata alama tatu. Lakini juu yake alichora kitu ambacho sikuwahi kukichora maisha yangu yote: mishipa myembamba inayotambaa juu ya moyo kwa nje, kama mizizi.

"Hii ndiyo inayoulisha moyo wenyewe," alisema.

Miaka thelathini na miwili niliwafundisha watoto kwamba moyo unapeleka damu kwa kila kiungo, na siku hata moja sikujiuliza wenyewe unakula nini. Akanieleza taratibu. Ndani ya kuta za mishipa hiyo mafuta yanajipanga, miaka na miaka, na moshi wa sigara, shinikizo la damu, sukari na uzito vinayaongezea kasi. Njia inakuwa nyembamba. Ukitembea tambarare, damu inayopita inatosha. Ukipanda kilima, msuli wa moyo unataka zaidi, haupati, unalalamika. Ukisimama, mahitaji yanashuka, unanyamaza.

"Ulikuwa unakuomba, mzee. Kila siku, mahali pale pale."

Siku ile, alisema, utando wa mafuta ulikuwa umepasuka, damu ikaganda juu yake na kuziba mshipa moja kwa moja. Msuli uliokuwa unalishwa na mshipa huo ulianza kufa tangu dakika ile, na uliendelea kufa kadiri muda ulivyopita.

"Maumivu yalianza saa ngapi? Mbona mmechelewa hivi na ni hapo tu?"

"Tulikuwa na kikao," nilisema.

Akaandika kitu. Kisha akauliza kama kwenye familia kuna mtu mwenye shida ya moyo, au aliyekufa ghafla.

"Hakuna," nilisema. "Baba alikufa ghafla, lakini yeye alilishwa sumu."

Aliacha kuandika. "Ilikuwaje?"

Nikaanza kumsimulia, kama tulivyozoea kusimulia kwetu, na katikati ya maneno yangu mwenyewe nikajisikia. Alishika kifua. Aliloa jasho. Alisema mkono wa kushoto mzito. Na nikakumbuka jambo ambalo ukoo haukuwahi kulihesabu: mwaka wa mwisho baba alikuwa akisimama kwenye kilima kile kile kujaza kiko chake. Sisi tulimtangulia, tukimcheka kwamba mzee anapenda kiko kuliko kufika nyumbani.

Daktari aliweka kalamu chini. "Marehemu siwezi kumpima, mzee. Lakini ningeletewa leo mgonjwa wa namna hiyo, nisingetafuta sumu."

Nililia. Muuguzi alidhani maumivu yamerudi.

Mwanza walinikalisha wiki mbili wakanirudisha na mfuko wa dawa za kunywa mpaka nife, na amri ya kuacha sigara. Nilipofika nyumbani nilikuta kazi imefanyika bila mimi. Dada alikuwa ameshatangaza kwamba wakwe wa Biharamulo ni walozi na uchumba umevunjika. Kijana wangu hakuwa anasema na mtu. Na maneno yalikuwa yamefika Biharamulo kabla hata sijaruhusiwa kutoka wodini, kwa maana mkwe alinipigia simu. Ule ucheshi wake haukuwepo.

"Mkwe, umepona? Tunamshukuru Mungu. Mimi huku nimepika rubisi Jumapili. Hakuna aliyekuja."

Hiyo sentensi ilinikosesha raha kuliko nyaya zote za Mwanza. Niliujua mwisho wake. Niliwahi kuuona kwa jirani yetu.

Ukoo ukakaa sebuleni kwangu. Nilileta ile karatasi ya daktari, nikaibandika ukutani, nikafundisha. Nilifundisha vizuri, na fimbo ya kuonyeshea nikawa nayo. Wazee walisikiliza kwa adabu kubwa, kisha mmoja akasema daktari amesema lake, ila mashine haioni sumu za kienyeji. Wote wakaguna kukubali.

Basi nikasema lile nililopaswa kulisema kwenye mkeka. Nikasema nina miezi minane sipandi kilima bila kusimama. Nikataja kila mahali niliposimama na uongo niliousema pale. Nilipofika kwenye kamba za viatu, mke wangu, aliyekuwa mlangoni na sinia la vikombe, akaingilia.

"Nilikuwa nakuona kutoka uani, Mwalimu. Unainama unafunga kamba. Nikawa najiuliza, kandambili zimeanza lini kuwa na kamba?"

Sebule nzima ilicheka, na kicheko kile kilifanya kazi ambayo mchoro wangu haukuiweza. Mtu ambaye ameonekana akifunga kamba za kandambili hawezi kusingiziwa kwamba amelishwa sumu Biharamulo. Mkwe akatangazwa hana kosa, simu ikapigwa hapo hapo kumwomba radhi, na siku ya harusi ikapangwa. Ningeweza kukaa kimya baada ya hapo. Kukaa kimya nakuweza.

"Na baba je?" nilisema.

Kicheko kikakatika. Nikawaambia aliyoniuliza daktari na niliyomjibu. Dada alinigeukia. Sikuwahi kumwona amezeeka mpaka siku ile.

"Hilo usilifungue," alisema.

"Limeshafunguka, dada."

"Basi nenda wewe ukamwambie nani sijui. Barua uliandika wewe."

Na hapa sina budi kusema jambo nililoliruka. Baba alipokufa, ukoo ulihitaji mtu wa kuandika barua ya kumshitaki jirani kwa mwenyekiti wa kijiji, na msomi alikuwa mmoja. Niliandika kurasa mbili kwa Kiswahili kizuri mno. Nilisema, kama mwalimu, kwamba dalili zote ni za sumu. Sikuwa najua dalili ya sumu hata moja. Mwenyekiti aliisoma mkutanoni, na watu waliokuwa na mashaka wakaacha kuwa nayo. Dada alisema neno lake kwa mdomo. Aliyelifanya lionekane ukweli ni mimi.

Nikaenda Bugarama. Yule mzee jirani yetu alikuwa amekufa kitambo, hilo nililijua. Nilimkuta mwanawe mkubwa, ambaye tulikaa dawati moja darasa la tatu mpaka la saba, sasa ana mvi kunizidi. Alikuwa anapukuchua maharage. Alinijua, akanipa kiti, hakuniuliza kilichonileta. Nikatoa karatasi, nikamweleza mishipa, mafuta, kilima cha baba na kiko chake. Nikamwambia baba yako hakumuua mtu, na mimi ndiye niliyeandika kwamba alimuua. Nikamwomba msamaha kwa maneno hayo hayo, bila kuyapamba.

Alipukuchua ganda moja, la pili, la tatu.

"Baba hakuwa na shida," alisema. "Alijua hakufanya. Mama ndiye aliamini. Ndugu walipomwambia aache kuamini hivyo, alisema mwalimu hawezi kuandika kitu asichokijua. Tumehamia hapa, wamelala nyumba moja miaka yote, lakini chai aliyoimimina baba mama hakuinywa tena. Baba akimimina, yeye anaacha inapoa, anaimwaga kwenye migomba. Baba anaona."

Nilimnyooshea ile karatasi, sijui kwa nini, labda aiweke.

"Mimi hukuwa na haja ya kuniletea," alisema, mikono yake bado kwenye maharage. "Mimi nilikunywa chai ya baba kila siku. Mwenye haja nayo ni mama, na mama tulimzika mwaka juzi."